Picha za msiba zilizotoka giza: Kamera haijui njia ya mkato

Na Mwandishi Wetu, Dallas, Texas

"Mulimuzika usiku?"

Swali hilo lilitufikia kwa ujumbe wa sauti mwaka 2017, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Aliyeuliza ni mama mzaliwa wa Kivu, ambaye mwanawe alifariki dunia mjini Houston na kuzikwa huko huko. Mama hakuwa na viza, hakuwa na nauli, na kwa hali yake ya ukimbizi hapakuwa na namna ya kufika Marekani ndani ya wiki moja. Alichobakiwa nacho ni kusubiri picha. Na mpiga picha siku ile tulikuwa sisi.

Ukweli ni kwamba kijana yule alizikwa saa nane mchana. Lakini picha tulizozituma zilionyesha watu waliosimama kama vivuli kando ya kaburi, sura hazionekani, na mbingu ya rangi ya jivu. Tulimjibu kwamba hapana mama, ilikuwa mchana, ila wingu lilikuwa zito. Hakuuliza tena. Mpaka leo hatujui kama alituamini.

Tumeona tuandike habari hii kwa sababu kila wiki tunapokea ujumbe kutoka kwa vijana wa huku Dallas na Fort Worth, wa Houston, na wa nyumbani pia, wakituuliza jambo moja: "Kaka, kamera yako unaiweka namba ngapi?" Swali hilo tunalijua vizuri. Ndilo lililotuponza.

NAMBA YA KUAZIMA

Wiki chache kabla ya msiba ule tulimpigia simu jamaa mmoja wa hapa Dallas anayepiga picha za harusi. Tulikuwa tumenunua kamera iliyokwishatumika na tulitaka kuanza mara moja. Hakutunyima. Alituambia, "Kaka, weka 8, weka 500, ISO 100, mengine usihangaike nayo."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na nyama choma ya Watanzania na Wakenya kwenye bustani moja mjini Irving. Jua lilikuwa kali, tukaweka namba zile, na picha zikatoka safi kabisa. Watu wakatusifu. Tukajiona tumeshahitimu.

Ndipo ikaja simu ya msiba kutoka Houston. Tukaendesha gari kwa barabara kuu ya I-45, maili kama 240, mwendo wa karibu saa nne. Ndani ya ukumbi wa kuagia mwili tukaweka namba zetu tulizozizoea. Kioo cha kamera kikawa cheusi tititi. Tukampigia jamaa, hakupokea. Ilikuwa Jumamosi na yeye alikuwa kwenye harusi yake. Tukabadili, tukaiacha kamera ijiamulie na flashi iwake. Waliokaa mstari wa mbele wakatoka weupe kama waliopakwa unga, na wa nyuma wakapotelea gizani. Tulipofika makaburini tukasema, haya, sasa tuko nje, turudie namba ya nje.

Namba ile haikuwa ya nje. Ilikuwa ya jua. Houston siku ile ilikuwa na wingu la mvua, na juu ya kaburi palikuwa na turubai. Tulirudi Dallas na picha 41, na zilizofaa zilikuwa 3. Nyingine tulijaribu kuzing'arisha kwenye kompyuta, zikatoka chembechembe kama mchanga wa ufukweni. Harusi inaweza kuigizwa upya kesho yake, bibi arusi akavaa shela tena. Mazishi hayarudiwi.

NYUMBANI TULIKUWA NA MTU

Msomaji anaweza kuuliza, mwandishi wa habari wa miaka mingi anawezaje kushindwa kupiga picha? Jibu ni kwamba katika chumba cha habari tulichotoka kila mtu alikuwa na kazi yake. Sisi tulishika kalamu, na pembeni yetu alikuwepo mpiga picha mwenye mkoba wake. Tulipolazimika kuondoka nchini tuliondoka na kalamu, na yeye akabaki. Huku ugenini hakuna wa kumwambia "nipigie yule mzee pale." Unafanya mwenyewe au habari inatoka bila picha.

Kwa hiyo tulikuwa na haraka, na haraka ndiyo inayomfanya mtu aombe namba. Baada ya Nyarugusu tuliweka nadhiri: kwa mwaka mmoja hatutamuuliza mtu yeyote namba. Tutasoma mpaka tujue namba inatoka wapi.

KITABU CHA DOLA CHACHE

Hapa Dallas kuna bahati moja. Maduka ya vitabu vilivyokwishatumika ya Half Price Books yalianzia mji huu huu mwaka 1972, katika jengo lililokuwa la kufulia nguo, na rafu zao za upigaji picha huwa zimejaa. Tulinunua vitabu viwili kwa bei isiyofika ya chakula cha mchana. Kingine tulikuwa nacho tayari na hatukuwahi kukifungua: kile kijitabu kinachokuja na kamera. Maktaba kuu ya Dallas, yenye ghorofa nane mkabala na ukumbi wa jiji, ikatupatia vilivyobaki.

Jambo la kwanza tulilolielewa ni kwamba namba za jamaa yetu hazikuwa siri. Ni kanuni ya zamani iliyochapishwa hata kwenye maboksi ya filamu. Jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi ya shata iwe sawa na ISO: kwa ISO 100, sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukifungua tundu hadi f/8 umeongeza hatua mbili, kwa hiyo kasi nayo unaipandisha hatua mbili, inafika karibu na 500. Hizo ndizo 8 na 500 tulizoazimwa. Zilikuwa jibu sahihi la hesabu ambayo hatukuijua, kwa siku ya jua pekee.

Jambo la pili ni ukubwa wa kosa letu. Kila hatua moja ya mwanga ni mara mbili ya iliyopita. Jua la mchana na ukumbi wenye taa za kawaida hupishana hatua nane au zaidi. Mbili mara mbili, mara nane, ni 256. Kwa maneno mengine, ukumbi ule wa Houston ulikuwa na mwanga mdogo mara 256 kuliko bustani ya Irving, nasi tukaingia na namba ile ile. Jicho la mwanadamu hujirekebisha lenyewe bila kukuambia, ndiyo maana ukumbi ulionekana kwetu una mwanga wa kutosha.

Na flashi nayo ina hesabu yake. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Aliye mita 2 akipata mwanga wa kutosha, aliye mita 4 anapata robo, na aliye mita 8 anapata sehemu moja ya 16. Ndiyo sababu ya wale weupe mbele na wale weusi nyuma.

Tulinunua daftari la shule. Kila jioni kwa miezi mitatu tulipiga picha kiti kimoja kando ya dirisha moja, tukiandika saa, hali ya hewa, tundu, kasi, na kilichotokea. Majirani wa ghorofani waliona Mwafrika mmoja anapiga kiti picha kila siku, wakawa wanatusalimia kwa tahadhari. Lakini kufikia mwezi wa pili tulikuwa tunaweza kukisia namba kabla ya kuangalia kamera, na tukikosea, tunakosea kwa hatua moja.

Mengine hayamo vitabuni. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la unyevu la Houston, lenzi inashika ukungu papo hapo, na kuifuta ni bure kwa sababu ukungu unarudi. Dawa ni kuiacha kamera ndani ya mkoba uliofungwa, nje ya gari, kwa dakika 20 hadi 30 ipate joto. Wapiga picha wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wanaotoka kwenye vyumba vya hoteli wanalijua tatizo hili. Sisi wa Dallas, ambako hewa si ya unyevu kama ile ya pwani, tulilijua siku ya pili tulipokwenda Houston.

SURA ZETU NA KIPIMA MWANGA

Kuna somo moja ambalo kila mpiga picha wa jamii zetu analihitaji kuliko mengine. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye picha utapata rangi ya kijivu cha kati. Ukikionyesha shela jeupe, kitasema mwanga umezidi, kitapunguza, na shela litatoka la kijivu huku uso wa bibi arusi ukizama kwenye giza. Ukikionyesha bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi, kitaongeza, na ngozi yake itatoka imefifia kama ya mgonjwa.

Kwa hiyo shela likijaza picha unaongeza hatua moja hadi mbili juu ya kile kamera inachotaka. Uso mweusi ukijaza picha unapunguza kama hatua moja. Wakiwa pamoja, unapima uso peke yake na kuyaacha mengine yafuate. Hakuna namba moja ya kuazima itakayofanya kazi hiyo, maana kila harusi ina shela lake, uso wake na dirisha lake.

Tatizo hili ni la zamani. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha za Marekani zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Rangi ikikaa vizuri kwenye ngozi ya Shirley, ilihesabiwa imekaa. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, aliyeandika utafiti wake mwaka 2009, alieleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazionekani vizuri. Wazee wetu waliopigwa picha shuleni wakatoka meno na macho tu hawakuwa na kosa.

WALIOTUTANGULIA

Tulipokata tamaa tulisoma maisha ya watu. Gordon Parks alizaliwa Fort Scott, Kansas, mwaka 1912, mtoto wa mwisho kati ya 15. Alikuwa mhudumu wa chakula kwenye treni alipoona katika gazeti picha za vibarua masikini waliokuwa wakihama kutafuta kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alinunua kamera kwenye duka la rehani mjini Seattle na kujifundisha mwenyewe. Mwaka 1948 akawa mpiga picha wa kwanza mweusi kuajiriwa na jarida la Life. Picha zake za miaka ya mwanzo zilionyeshwa hapa Fort Worth, kwenye makumbusho ya Amon Carter, mwaka 2019.

Kwa upande wetu yupo Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianza na kamera ya kisanduku akiwa mtoto wa miaka 11. Kampuni yake, Camerapix, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa na miaka 20. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliitikisa dunia nzima. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Alijifunza upya kushika kamera kwa mkono wa bandia, akarudi kazini, mpaka alipokufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Comoro, Novemba 1996.

Na hapa hapa Texas wapo ambao kazi yao inafanana na yetu. Calvin Littlejohn alifika Fort Worth mwaka 1934, na kwa miongo kadhaa alipiga picha za watu weusi wa mji ule: shule, makanisa, harusi na misiba yao, wakati ambapo magazeti makubwa hayakuona haja ya kuwaonyesha. R. C. Hickman alifanya hivyo Dallas. Mjini Houston, Earlie Hudnall Jr. alifika Chuo Kikuu cha Texas Southern mwaka 1968, baada ya kutumikia jeshi Vietnam, na amepiga picha katika mitaa ya Third Ward kwa zaidi ya nusu karne. Anarudi mitaa ile ile na vibaraza vile vile. Tulipoliona hilo, kile kiti chetu cha dirishani hakikutuonea haya tena.

DARASA LA BURE

Kusoma peke yako si lazima kuwe na gharama. Amon Carter kule Fort Worth haitozi kiingilio, na ina moja ya hazina kubwa za picha katika nchi hii. Makumbusho ya Sanaa ya Dallas yaliondoa kiingilio cha kawaida mwaka 2013. Houston kuna Menil, ambayo ni bure tangu ilipofunguliwa mwaka 1987, na makumbusho makubwa ya sanaa ya mji huo huachia mlango Alhamisi. Utaona mtu mmoja amesimama mbele ya picha moja kwa nusu saa. Hajapotea njia, anasoma.

Katika mambo tuliyojifunza Amon Carter, moja lilituondolea kisingizio. Mwaka 1979 makumbusho hayo yalimwagiza Richard Avedon, mpiga picha wa mitindo wa New York, azunguke magharibi mwa Marekani kuwapiga picha watu wa kawaida: wachimba makaa ya mawe, wahudumu wa migahawa, watu wasio na makazi. Alianzia kijimji cha Sweetwater, hapa Texas, na kufikia mwaka 1984 alikuwa amewapiga picha watu 752. Angeweza kununua taa yoyote duniani. Alichotumia ni karatasi kubwa nyeupe iliyobandikwa ukutani, upande wa kivuli, na mwanga wa mchana. Kivuli kipo Nyarugusu, kipo Kariakoo, kipo na Arlington. Hakiuzwi.

KUULIZA SI UJINGA

Hatusemi kwamba mtu asiulize. Waswahili husema kuuliza si ujinga, na hakuna aliyejifunza akiwa amefungiwa chumbani. Tunachosema ni kwamba kuna kuuliza kwa aina mbili. Ya kwanza ni "niambie niweke nini." Ya pili ni "nimeweka hivi, nikapata hivi, kwa nini?" Ya kwanza humfanya jamaa awe mbuyu wa kutegemea, na siku asipopokea simu umeanguka. Ya pili humfanya mwalimu.

Mwaka wa nadhiri ulipokwisha tulikwenda kwa yule jamaa wa harusi na daftari letu. Alilifungua, akacheka sana kuhusu kiti, kisha akakaa nasi jioni nzima. Akatuambia jambo ambalo siku ile ya simu hakutuambia: kwamba yeye naye aliharibu harusi mbili mwanzoni, na moja alirudisha fedha. "Mlikuwa na haraka," alisema. "Mngesikia?" Tusingesikia.

Kwa kijana aliyenunua kamera jana, ushauri wetu ni mfupi. Soma kijitabu chake chote, mara mbili. Chagua lenzi moja na kitu kimoja kisichotembea, vipige miezi mitatu. Andika. Usichukue kazi ya msiba wala ya harusi peke yako kabla hujaweza kuingia ukumbini na kukisia mwanga kwa jicho. Na kama umekwishachukua, waambie wenye shughuli ukweli, watafute na mwingine.

Mwishoni mwa mwaka 2018 familia ile ya Houston ilituita tena. Safari hii lilikuwa jambo la heri, dada wa marehemu alikuwa anaolewa. Tulifika mapema, tukaiacha kamera ipate joto, tukapima ukumbi kona kwa kona, na tukapiga nyuso kando ya dirisha kubwa la upande wa kaskazini. Usiku ule ule tukatuma picha Nyarugusu.

Ujumbe wa sauti ulirudi asubuhi. Mama hakusema lolote kuhusu ubora wa picha, na hatukutegemea aseme. Alikuwa anawataja watu mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa majina yao. Akafika kwa mmoja akasita, kisha akacheka.

"Huyu si mutoto wa dada yangu? Amenenepa!"

Zile picha za makaburini bado tunazo, zote 41. Hatujazifuta.